Prezida Aliyetusikiliza

Vijana wanaouza simu mkabala na meza yangu ya vitenge hawaishi kubishana kama viongozi wa timu wawasikilize mashabiki au wasiwasikilize. Kila Jumatatu ni hayo kwa hayo. Mmoja anasema timu ni ya wale wanaonyeshewa mvua wakiishangilia. Mwingine anasema mashabiki ukiwapa timu leo, kesho wataizika. Halafu wananigeukia: "Na weye mama, unasema nini? Weye uko musaporta wa zamani." Mimi nakunja kitenge changu na kunyamaza, maana nikifungua mdomo nitatukana. Sisi tulikuwa na kiongozi aliyewasikiliza mashabiki kuliko wote niliowahi kuwaona hapa kwetu Bunia, na hasira niliyo nayo juu yake haijapoa mpaka leo.

Tulimwita Prezida. Kila mtu alimwita hivyo, mkewe naye, na hata watoto waliotumwa dukani kwake kununua misumari. Aliuza mabati na saruji. Alivaa kofia ya sufu jua liwake lisiwake, na viatu vyake viling'aa katika mji ambao vumbi jekundu halimheshimu mtu yeyote. Alipoingia uwanjani alishika suruali kwa vidole viwili na kuinyanyua kidogo, kama mama anayevuka mto. Siku moja mpira ulitoka nje ukamfuata hadi miguuni. Uwanja mzima ulingoja aupige. Aliinama, akauokota kwa mikono miwili, akampelekea mwamuzi kwa heshima zote, na watu walicheka hadi mechi ikasimama.

Kuhusu mpira wenyewe hakujua kitu. Bendera ikiinuliwa, alimwuliza aliyekaa karibu naye kama afurahi au akasirike. Lakini tukifunga goli alilia machozi ya kweli, akatoa leso, akajifuta, akalia tena. Wanaosema alikuwa anatafuta sifa tu hawakuwahi kukaa karibu naye. Aliipenda ile timu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Komite ilimchagua kwa sababu moja: hakuwa wa upande wowote. Miaka ile, baada ya vita vya makabila, amani yetu ilikuwa ya kushikwa kwa ncha za vidole. Magari meupe ya askari wa kofia za buluu yalipita mchana kutwa, watu wakarudi kujenga, soko likajaa. Lakini kulikuwa na watu wa huku ambao hawakuvuka boulevard, barabara kuu ya mji, bila sababu kubwa, na wa kule vile vile. Timu yetu ilikuwa na vijana wa pande zote mbili, jambo ambalo hata kanisa lilikuwa linalifanya kwa shida. Akiwekwa rais wa huku, wa kule wangetoa watoto wao, na kinyume chake. Prezida alikuwa amehamia kutoka Butembo kufanya biashara. Hakuwa na kaburi alilokuwa akimdai mtu. Mwenyewe alisema akicheka: "Mi siko wa huku, siko wa kule. Mi niko wa mabati."

Nitamtendea haki kwanza, maana nikianza na lile baya sitarudi kwenye zuri.

Yeye ndiye aliyeanzisha mabenchi. Kila Jumamosi alasiri, kabla ya mechi ya Jumapili, alitoa mabenchi nje ya duka lake, akakaa kwenye kiti mlangoni, akamwita yeyote mwenye neno juu ya timu aje aliseme. Jumamosi ya kwanza watu walijigawa wenyewe bila kuambiwa, wa huku mabenchi ya kushoto, wa kule mabenchi ya kulia, katikati nafasi ya kupitisha lori. Prezida alitazama tu. Jumamosi iliyofuata alitoa mabenchi machache tu. Watu walifika wengi, kusimama juani hawataki, kuondoka hawataki kwa sababu mchezaji waliyemchukia angejadiliwa. Wakabanana. Niliona kwa macho yangu wanaume ambao miaka michache kabla wangekimbizana kwa panga, wamekaa paja kwa paja, wanagombana juu ya kona iliyopigwa vibaya. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiimba.

"Batu bakisema, habapigane," alikuwa akituambia. "Museme tu. Mi niko nasikia."

Alisikiliza kwa namna yake. Alifumba macho, akaweka mikono juu ya magoti, akatafuna kasu, ile kokwa chungu ya kola, polepole, na hakumkatiza mtu. Mwishoni alitema, akafungua macho na kusema, "Raiya imesema." Na lile ambalo raia walikuwa wamelisema kwa sauti kubwa kuliko mengine, hilo lilifanyika. Walisema rangi ya jezi ina mkosi, jezi zikabadilishwa. Walisema mshambuliaji fulani ana miguu ya bata, akakaa nje. Kocha mmoja alifukuzwa na mabenchi baada ya sare, akarudishwa na mabenchi hayo hayo wiki iliyofuata, akafukuzwa tena kabla ya mvua za mwaka ule kuisha. Nilimkuta kituo cha magari na begi lake, nikampa pole. Akaniambia hajawahi kulifungua.

Tulicheka sana wakati ule. Sikuona bado kwamba Prezida alikuwa akisikia kelele tu. Lililosemwa ndani ya kelele hizo hakulipima.

Sisi akina mama wa timu tulikuwa na mabenchi yetu upande wa uwanja usio na kivuli. Tulifua jezi, tuliimba, tulikanda vijana misuli. Tulijua nani ana homa, nani amegombana na baba yake, nani amelala bila kula. Kwenye mabenchi ya Jumamosi tulipewa nafasi ya kusema mwishoni, watu wakiwa wameanza kusimama na kujipangusa matako. Prezida aliendelea kufumba macho, lakini sasa alikuwa amechoka kweli.

Tulimwambia juu ya lori. Timu ikienda kucheza nje ya mji, alipakia wachezaji juu ya mzigo wa mabati, kwa kuwa lori lilikuwa linaenda huko huko. Nilisimama nikasema mabati yana meno. Akanijibu kwa upole, "Mama, lori iko na Mungu." Mwezi ule ule beki wetu wa kushoto alichanwa paja kwenye mteremko. Na hapa ndipo mtu huyu anaponichanganya. Alivua shati lake jeupe, akalifunga paja la kijana kwa mikono yake, akakaa naye hospitalini mpaka alipotoka, akimlisha uji kwa kijiko kama mama mzazi. Nikasema sasa ameelewa. Safari iliyofuata vijana walipandishwa juu ya mabati yale yale, ila yalikuwa yamefunikwa turubai.

Tulimwambia pia juu ya njaa. Wachezaji wengi walitoka kwao asubuhi bila kitu tumboni, wakaenda kwanza kutafuta maisha, halafu ndiyo wakaja uwanjani. Tuliomba wapewe hata chai na ndizi kabla ya mechi, na tulisema tutapika wenyewe. Wanaume kwenye mabenchi waliguna. Prezida akafungua jicho moja.

"Mutu akishiba, hakimbie," alisema. "Nyiye bamama munajua kupika. Mambo ya ballon muachie batu ba ballon."

Yeye, aliyeokota mpira kwa mikono miwili!

Sasa nitaeleza habari ya kipa.

Kipa wetu alikuwa kijana wa huku kwetu, mrefu, mkimya, mwenye vidole virefu, na tabia ya kupiga mlingoti wa goli mara tatu kwa kiganja kabla mechi haijaanza, kama anayepiga hodi. Kwa misimu kadhaa alikuwa ndiye sababu ya sisi kushinda. Watu wa huku walimpenda kwa kuwa ni wao. Watu wa kule walimpenda kwa kuwa hakujua kubagua. Alimpa mkono kila mtu. Kwenye mabenchi ya Jumamosi, ambako wakati mwingine wote waligombana, jina lake likitajwa watu walikubaliana.

Ikaja Jumapili ya kucheza na timu ya Bambu, kwa watu wa kule. Watu wa Bambu walikuwa wameshuka kwa malori, wazee wao wakaketi kwenye viti mbele, ng'ambo ya uwanja. Kabla ya mpira kuanza tulimwona kipa wetu anatoka golini, anavuka uwanja wote, anakwenda mpaka kwa mzee mmoja wa Bambu. Hakumtazama usoni. Aliinama, akashusha macho, akanyoosha mikono miwili. Mzee akampa kitu kidogo kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Kipa akakiweka ndani ya glovu na kurudi golini.

Uwanja mzima uliona. Sauti zikaanza chini chini.

Wakati wa mapumziko, nyuma ya goli, akafungua lile jani na kula kilichokuwa ndani. Hilo nalo likaonekana. Kipindi cha pili shuti la mbali, shuti la mtoto, lilimpita mikononi likaingia. Tukapoteza kwa goli hilo moja.

Jumamosi iliyofuata mabenchi hayakutosha. Watu walijaa hadi barabarani, na wa kwetu walikuwa wakali kuliko wote, maana waliona wamesalitiwa na mtoto wao.

"Alikula dawa yabo! Siye tulimuona na macho!"

"Kwani anainamia batu ba Bambu juu ya nini? Alituuzisha!"

"Prezida, toa ule gardien! Unasikia siye ao unasikia nani?"

Kipa hakuwepo. Hakuna aliyemwita. Nilisukuma watu mpaka mbele, sikungoja zamu ya akina mama, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote ya sokoni: "Mumuite kwanza! Mutoto aseme mwenyewe alikula nini! Munahukumu mutu hayuko?" Mtu akanivuta kitenge kwa nyuma. Mwingine akasema nimepewa kipande cha ile dawa. Nilimtazama Prezida. Alikuwa amefumba macho, anatafuna kasu, mikono juu ya magoti.

Halafu akatema. "Raiya imesema," alisema. "Gardien atapumuzika."

Watu walipiga makofi. Mimi nilidhani nimeshuhudia ujinga tu, na ujinga nimeuzoea. Sikujua bado nilichokishuhudia.

Kipa mwenyewe ndiye aliyenieleza. Alikuja mezani kwangu wiki kadhaa baadaye kuniaga, anakwenda Marabo kulima kwa mjomba wake. Alikuwa amekonda. Nikamwuliza moja kwa moja alikula nini siku ile.

"Kumbikumbi, mama," akasema. "Za kukaanga. Mama mukwe alinitumia."

Yule mzee wa Bambu alikuwa baba wa msichana aliyetaka kumwoa. Mwaka mzima walikuwa wakizungumza kwa siri, yeye wa huku na binti wa kule, katika mji ambao harusi ya namna hiyo iliweza kumtia binti wa watu hatarini kabla haijatangazwa vizuri. Mzee alikuwa amekubali polepole, baada ya kugombana na ndugu zake. Unapomkuta mkwe wako mahali, hupiti bila kumsalimia, humtazami usoni, na anachokupa unakipokea kwa mikono miwili. Hilo kila mtu pale uwanjani analijua. Kila mtu amefanya hivyo kwa mkwe wake. Ila hawakuweza kufikiri kwamba kijana wao anaweza kuwa na mkwe Bambu, kwa hiyo wakaona uchawi.

"Na juu ya nini ukule pale pale?" nikamwuliza.

"Njaa, mama. Sikukula toka jana yake."

Nilishika meza yangu. Nikamwambia basi angekwenda kwa Prezida, akamweleza kwa siri, mtu mzima angeelewa.

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Prezida alijua yote. Ni yeye nilimuomba anisemee kwa bakwe, sababu haiko wa huku, haiko wa kule. Ule muzee alipofika ku uwanja, mi niliogopa kuvuka. Ni Prezida alinisukuma. Aliniambia: 'Nenda umusalimie muzuri, batu baone uko na heshima.'"

Nilimwomba aseme tena. Alisema tena.

Harusi haikuwapo. Mzee wa Bambu alimwita kijana na kuongea naye kwa upole, na upole wake ndio uliommaliza. "Nilikuwa tayari kugombana na bote juu yako," alimwambia. "Lakini batu bako benyewe banasema nilikununua. Leo nikikupa binti yangu, batasema ni malipo." Prezida, aliyetakiwa kumsemea, hakufika. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba ana homa.

Timu nayo haikukaa. Wachezaji wa kule walielewa vizuri kuliko sisi kilichosemwa kwenye mabenchi: kumsalimia mtu wa kwao ni kosa. Wakaacha mmoja mmoja, bila ugomvi, huyu ana kazi, yule anaumwa goti. Jumamosi zikabaki na watu wa huku peke yao, wanakubaliana kwa kila jambo, na Prezida katikati amefumba macho. Msimu ulipokwisha, mabenchi yaliingizwa dukani na hayakutoka tena.

Kwa hiyo vijana wa simu wakiniuliza, hasira inanipanda pande zote mbili. Ndiyo, kiongozi awasikilize mashabiki. Tulimwambia juu ya lori, tulikuwa sahihi. Tulimwambia juu ya njaa, tulikuwa sahihi, na kama angesikia, kijana asingekula kumbikumbi nyuma ya goli mbele ya watu wote. Lakini siku ambayo mashabiki walikuwa wamekosea, na katika umati ule wote mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba wamekosea, mtu huyo alijifanya mtumishi wa raia. Kusikiliza gani huko? Alikuwa na ukweli mdomoni, akautafuna pamoja na kasu.

Alinikwepa miaka mingi. Akiona nipo upande huu wa soko, alipita ule. Nilimwona kwa mbali akizeeka, wanawe wakichukua duka.

Kisha mwaka jana, siku ya kawaida ya soko, pikipiki ilisimama mbele ya meza yangu, na dereva akamsaidia mzee kushuka. Sikumtambua mara moja. Hakuwa na kofia, na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Nikampa kiti changu, maana mzee ni mzee. Dereva akangoja kando.

Tuliulizana habari za nyumbani. Halafu akasema alichokijia. Waganga wa hospitali wamemwambia mambo si mazuri. Anataka siku yake ikifika, mashabiki wa zamani waje, wa huku na wa kule, waimbe nyimbo za timu kaburini. Mimi ndiye niliyebaki na sauti, mimi niwaite.

"Sawa, papa," nikamwambia. "Nitabauliza. Bakikubali, tutakuja. Bakikatala, basi."

"Bengine bananichukia, mama. Batakatala." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana. "Weye unanijua. Bakikatala, weye ubaambie mi nilikuwa mutu wa namna gani."

Niliutoa mkono wangu.

"Na ule mutoto," nikasema, "nani alibaambia yeye iko mutu wa namna gani?"

Hakujifanya hajui ni mtoto yupi. Alisema asingeweza kusema ukweli siku ile bila kutaja binti wa watu mbele ya umati. Je, mimi mwanamke ningependa binti atajwe? Inaonekana jibu hilo alikuwa amelilea miaka yote, maana lilitoka bila kusitasita.

"Haukuwa na lazima ya kutaja mutu," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa imepanda, wanunuzi wakageuka. "Ungesema tu: 'Ni mi nilimutuma.' Maneno ile tu, papa! Ni mi nilimutuma!"

Alitazama vitenge vyangu.

"Niliogopa, mama," akasema. "Bale batu bote mbele yangu, na duka iko nyuma yangu."

Miaka yote nilikuwa nikitaka kulisikia neno hilo, na liliponifikia halikunipoza hata kidogo. Nani hakuogopa miaka ile? Kipa aliogopa, na bado alivuka uwanja mzima akainama mbele ya mkwe wake. Nikamwambia Prezida kwamba neno hilo si langu. Mwenyewe yuko Marabo, hajaoa, analima, na si mbali. Nikamwita dereva asogeze pikipiki, nikasema nitalipia mimi kwenda na kurudi. Nilimsaidia mzee kupanda, nikamfunga koti vizuri shingoni kwa sababu ya upepo.

Dereva akawasha, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Basi tunaenda wapi?"

Nilifungua mdomo, lakini Prezida aliniwahi.

"Ku nyumba," akasema.